Kamera Bila Mwalimu: Historia ya Kujifunza Kupiga Picha, kutoka Simbamwene hadi Mgeta

Mwishoni mwa muhula uliopita mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Mgeta, alinifuata baada ya kipindi akiwa na ombi lisilohusu mtihani. Alikuwa amenunua kamera iliyokwishatumika, kwa fedha aliyoidunduliza muda mrefu, na alitaka kurudi kwao wakati wa likizo akapige picha za bibi yake na wazee wengine wa ukoo kabla hawajatangulia mbele ya haki. "Mwalimu," akaniuliza, "nijifunzie wapi?" Nilimjibu kwa haraka kwamba mtandao umejaa masomo. Akanijibu kwa adabu kuwa ameyatazama mengi, na kwamba yamemfundisha majina ya kamera asizoweza kuzinunua na namna ya kupiga picha kwenye theluji. Bibi yake anaishi katika nyumba yenye dirisha moja dogo, na ukungu hushuka mlimani kabla jua halijapinda. Juu ya mambo hayo mawili hakupata somo hata moja.

Sikuwa na kitabu cha Kiswahili cha kumpa mkononi. Tangu siku hiyo nimelifikiria swali lake, nami nimeona kuwa si swali la kuchagua somo zuri miongoni mwa masomo mengi. Ni swali la historia. Nani katika nchi hii aliwahi kufundishwa kamera? Alifundishwa na nani, kwa lugha gani, na kwa kazi gani? Tukilijibu hilo tutaelewa kwa nini kijana wa leo, mwenye kamera mkononi na intaneti mfukoni, bado anauliza pa kuanzia.

Upigaji picha ulitangazwa kwa ulimwengu mjini Paris mwaka 1839. Haukupita muda mrefu ukafika pwani yetu, lakini ulifika kama mzigo wa msafara. Msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ulioanza mwaka 1858, ulikuwa na mpigapicha wake rasmi, ambaye ni mdogo wake, Charles. Na John Kirk, aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alipiga picha pia. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Zanzibar kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Baadaye aliiacha kamera akategemea michoro. Ni rahisi kuona sababu. Picha ya wakati ule ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilitakiwa kitumike na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Mpigapicha alisafiri na chupa, maji safi na hema la giza.

Tuzingatie nani alibeba vitu hivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa pwani walibeba sanduku la kioo na dawa mamia ya maili, wakajua uzito wake kuliko mtu yeyote. Namna ya kulitumia haikuwa sehemu ya ujira wao. Hapo ndipo elimu ya kamera ilipoanzia kwetu: mtu mmoja ana ujuzi, wengine wana mabega, na wengine tena wanasimamishwa mbele ya lenzi.

Morogoro yenyewe iliingia katika maandishi ya wageni kabla ya kuingia katika picha zao. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akiuelezea mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo na kutawaliwa baadaye na binti yake. Mji huo tunaujua kwa maneno na kwa michoro iliyochapishwa Ulaya. Mwaka 1894 Franz Stuhlmann, mtaalamu wa Kijerumani, alipanda Uluguru hadi uwanda wa Lukwangule akikusanya mimea. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, safari iliyokuwa ya siku nyingi kutoka Dar es Salaam ikawa ya saa chache, na pamoja na abiria na mizigo zikaja kamera.

Miongoni mwa wapigapicha wa kipindi hicho wawili wanafaa kutajwa. C. Vincenti alikuwa na biashara Dar es Salaam, na picha zake zilisambazwa kama postikadi. Walther Dobbertin alipiga picha za koloni zima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo: masoko, reli, mashamba ya mkonge, askari, watawala na watawaliwa. Kwa upande wa ufundi, Dobbertin ni mwalimu mzuri. Alijua kusubiri mwanga wa pembeni. Alijua kuweka mtu mahali ambapo mstari wa barabara au wa ukuta unalipeleka jicho kwake. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi picha inavyopangwa anaweza kuzitazama picha hizo saa nzima na asichoke.

Lakini zinafundisha na jambo jingine, na hilo hufundishwa kimyakimya. Angalia kamera imesimama wapi. Mara nyingi imesimama upande wa mwenye mamlaka. Angalia nani ana jina katika maelezo ya picha na nani ameitwa tu kwa kabila lake. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilikubali kuweka wazi mtandaoni karibu picha 100,000, na za Dobbertin zimo. Hifadhi hiyo yenyewe inaonya kuwa maelezo ya asili ya picha huweza kuwa na makosa au upendeleo. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kimeweka mtandaoni mkusanyo wa picha za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kinahifadhi mkusanyo mkubwa wa picha za wamisionari. Maktaba hizi ni bure. Kijana wa Morogoro anaweza leo kuziona picha ambazo babu yake alipigwa na hakuonyeshwa kamwe. Ajifunze humo ufundi, na ajifunze pia kuuliza: ningesimama mimi, ningesimama wapi?

Shule ya pili ya kamera katika nchi hizi ilikuwa studio. Zanzibar, tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19, ilikuwa na studio za Wagoa; jina la A. C. Gomes ndilo lililosikika zaidi, na kulikuwa na wengine kama Pereira de Lord na Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, naye akawapiga picha masultani na raia, harusi na maziko, hadi Mapinduzi ya 1964 na baada yake. Mwanawe, Rohit, akairithi kazi. Kutoka pwani biashara hii iliifuata reli, na miji ya bara ikapata studio zake, nyingi zikiwa mikononi mwa familia zenye asili ya Asia.

Studio ilikuwa shule kamili, ila haikuwa na mlango wa mbele. Ujuzi ulirithiwa. Mtoto alianza kwa kufagia, akapanda kwa kuchanganya dawa, kisha akaruhusiwa kuingia chumba cha giza, na mwisho akaaminiwa kamera. Kijana wa Kiafrika aliyeajiriwa humo aliweza kujifunza kwa macho, akiiba elimu kidogo kidogo kama fundi cherehani anavyoiba mkato. Mfumo huu ulikuwa na ubora ambao tumeupoteza: aliyekosea aliambiwa papo hapo, na mtu aliyekuwa amekosea hivyo hivyo miaka 20 kabla yake. Ulikuwa na ubaya wake pia: mwenye studio aliamua nani ajue na nani asijue, na siri ya dawa ilikuwa mtaji.

Wapo walioupita ukuta huo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya sanduku aina ya Box Brownie akiwa bado mvulana. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix mjini humo, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Lamu, Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe, akatengeneza picha za kubandika na kuunganisha ambazo wataalamu wanazichambua hadi leo. Tusijidanganye kwa mifano hii. Watu wa namna hiyo huthibitisha kuwa njia ipo kwa mwenye kipaji na bahati. Hawathibitishi kuwa njia imefunguliwa kwa wote.

Kwa wengi ambao hawakuwa na studio wala mwalimu, kitabu cha kwanza kilikuwa kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya kisanduku cha filamu. Kilikuwa na michoro ya jua, ya mawingu na ya kivuli, na kando ya kila mchoro namba za kuweka kwenye kamera. Kanuni iliyokuwamo ni fupi na bado inafaa: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye 16, na kasi iwe moja chini ya namba ya filamu. Filamu ya 125, kasi ni sehemu moja ya 125 ya sekunde. Mtu asiyejua Kiingereza aliweza kuisoma michoro hiyo. Waandishi wa masomo ya leo, yenye dakika 40 za maneno kabla ya jambo lenyewe, wangejifunza mengi kwa kijikaratasi kile.

Tufike sasa Uluguru, mahali ambapo swali la nani ana kamera lilikuwa na uzito wa kisiasa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii, ikiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Waluguru, ambao ardhi yao ilisimamiwa na koo zinazofuata upande wa mama, waliuona mpango huo kuwa mzigo wa kazi na tishio kwa umiliki wao. Julai 1955 upinzani ulilipuka kuwa ghasia upande wa Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya siasa hizo, kilichotoka mwaka 1960. Ni kitabu muhimu. Lakini sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mwaka ule imetokana na macho na kalamu za maofisa na watafiti. Mkulima aliyelikataa tuta alikuwa na hoja, na alikuwa na sauti mkutanoni. Hakuwa na chombo cha kuonyesha shamba lake jinsi yeye alivyoliona.

Uhuru ungeweza kulibadilisha hilo, na katika nyanja nyingine ulibadilisha. Sisi tuliokulia katika simulizi za elimu ya watu wazima tunakumbuka kuwa mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu hiyo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: kijitabu cha Kiswahili chepesi, kipindi cha redio, na kikundi cha watu wachache chini ya mwembe na kiongozi wao aliyepewa mafunzo mafupi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mbinu ile ilijua jambo ambalo wengi wanalisahau: chombo cha kujifunzia si kitabu peke yake, wala si redio peke yake. Ni kitabu, sauti, wenzako, na kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Kamera haikuingia katika mbinu hiyo. Sababu hazikuwa za ubaya. Taifa lilikuwa na vipaumbele, na choo kilitangulia picha kwa haki kabisa. Serikali ilikuwa na wapigapicha wake wa Idara ya Habari, ambao kazi yao ilikuwa kulionyesha taifa likijengwa. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo makubwa ya kupangisha. Familia nyingi za Kiasia ziliondoka nchini katika miaka hiyo, na baadhi ya ujuzi wa studio ukaondoka nazo. Kisha zikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni. Filamu, karatasi na dawa za picha zote zilitoka nje, na bidhaa za nje ziliadimika. Katika hali hiyo mpigapicha hakuthubutu kumwachia mwanagenzi mkanda wa filamu akajaribu na kukosea. Nalo somo la kamera halina njia nyingine ila kujaribu na kukosea.

Tukumbuke pia kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miongo mitatu ya uhuru, picha ya mnato ndiyo iliyobeba karibu kila kitu ambacho jicho la mwananchi lingeweza kuhifadhi: ubatizo, jando, mahafali, kitambulisho cha kazi, bendi ya muziki iliyokuja kutumbuiza. Morogoro ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe tunaisikia kwa santuri. Tunaiona kwa picha za studio na za magazeti. Waliozipiga, wengi wao, hatuwajui hata kwa jina.

Soko huria lilileta filamu za rangi na maabara za mashine mjini. Kazi ikawa rahisi na mikono ikawa mingi; wapigapicha wa kutembea walionekana kwenye kila harusi na kila mahafali. Lakini mashine ilikifunga chumba cha giza, na chumba cha giza ndicho kilichokuwa darasa. Mpigapicha alipeleka mkanda dirishani, akarudi kuchukua bahasha. Picha ikiharibika, hakuwa na namna ya kujua kosa lilikuwa lake au la mashine. Mwaka 2009 mkebo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, simu zenye kamera zikaenea, na Januari 2012 kampuni ya Kodak, iliyokuwa na jina sawa na filamu yenyewe, ikaomba kinga ya mufilisi. Ndani ya kizazi kimoja tulihama kutoka nchi ambamo mkanda ni anasa hadi nchi ambamo kila kijana hupiga picha 50 kabla ya chai.

Hapa ndipo mwanafunzi wangu aliposimama. Uhaba wa filamu umekwisha. Uhaba wa mwalimu umebaki palepale. Na masomo yaliyojaa mtandaoni yana kasoro mbili ambazo historia hii inatusaidia kuziona.

Ya kwanza ni lugha. Husemwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya kamera. Si kweli. Mafundi wa studio walikuwa nayo, na yalikuwa mazuri. Filamu iliitwa mkanda. Kazi ya dawa iliitwa kusafisha picha, neno linaloeleza kitendo chenyewe kuliko lugha nyingi zinavyoeleza. Picha iliyopata mwanga mwingi waliiita imeungua. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Yaliumbwa na watu waliokuwa wakifanya kazi na kuhitaji kuelewana haraka. Kila fundi mzee anayefariki bila kuandikwa anaondoka na ukurasa wa kamusi ambayo hatukuichapisha.

Ya pili ni ngozi na mwanga. Kwa miongo mingi maabara za rangi zilirekebisha mashine zake kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi iliyo sahihi. Jambo hili halikuwa la ufundi tu. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kuipinga kampuni yao kwa sababu kamera zake zilitumika kutengeneza pasi za ubaguzi Afrika Kusini. Mwaka 1977 kampuni ilijitoa nchini humo. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini kipimo chake cha mwanga bado kina tabia yake: hudhani kwamba kila inachokiona, kikijumlishwa, ni kijivu cha kati. Mweke bibi mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukungu mweupe wa Uluguru, nayo kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wa bibi utakuwa doa jeusi. Dawa yake ni kuiambia kamera iongeze mwanga kwa hatua moja, au zaidi kidogo, au kupima mwanga wa uso wenyewe. Sentensi mbili tu. Nilizipata baada ya kupekua masomo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya anga nyingine.

Kwa hiyo nikimjibu upya mwanafunzi wangu, nitamjibu hivi.

Kwanza, mtafute fundi. Mjini Morogoro na katika miji mingi ya mkoa wamebaki wazee waliofanya kazi enzi za chumba cha giza. Mwombe akufundishe mwanga wa dirisha. Studio nyingi za zamani zilianza na dirisha moja, na nyumba ya bibi yako inalo. Atakwambia umweke bibi kando ya dirisha, si mbele yake. Na upande wa pili utundike kanga nyeupe ili iurudishe mwanga kwenye kivuli. Kaa naye siku tatu, na uandike maneno anayoyatumia.

Pili, tazama picha nyingi na polepole. Hifadhi nilizozitaja ziko wazi. Chagua picha kumi, na kwa kila moja andika: mwanga unatoka wapi, kamera iko kimo gani, nani ana jina, nani hana. Zoezi hilo litakufundisha zaidi ya orodha ya lenzi.

Tatu, kwa nadharia, shika kitabu kimoja ukimalize. Wanaosoma Kiingereza wanayo Basic Photography ya Michael Langford, iliyoanza kuchapwa mwaka 1965 na kusomesha vizazi vya wanafunzi, na vitabu vitatu vya Ansel Adams juu ya kamera, negativu na uchapaji. Marc Levoy, aliyekuwa profesa wa Stanford, aliweka mtandaoni mwaka 2016 mihadhara yake yote ya upigaji picha wa kidijitali bila malipo. Ukisoma kimoja kwa makini ukakifanyia kazi, vingine vingi utaona vinarudia.

Nne, msijifunze mmoja mmoja. Chukueni mbinu ya Mtu ni Afya: watu wanane, kamera mbili, somo moja kwa wiki, na kazi ya kuleta wiki inayofuata. Mwenye kujua Kiingereza asome na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili. Picha mbaya ziwekwe mezani zijadiliwe bila kuoneana haya. Hiyo ndiyo sehemu ya chumba cha giza tunayoweza kuirudisha bila dawa.

Tano, jifunze adabu pamoja na ufundi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda wewe mpigapicha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatukumbusha kuwa na anayepigwa ana haki yake. Lakini kabla ya sheria kuna heshima. Kaa na bibi kwanza. Mweleze picha itakwenda wapi. Andika jina lake kamili, ukoo wake na kijiji chake nyuma ya picha, na umpelekee nakala. Dobbertin hakufanya hivyo kwa watu wetu, na ndiyo maana tunaziangalia nyuso zile bila kujua tumwamkie nani.

Lipo pia neno kwa wasomaji wangu walio ofisini. Bodi ya Huduma za Maktaba imekuwapo kisheria tangu mwaka 1963, na maktaba ya mkoa iko hapa mjini. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo, VETA ipo, na BAKITA, iliyoanzishwa mwaka 1967, ipo kwa ajili ya maneno. Kijitabu cha kurasa 40 cha Kiswahili juu ya kamera na simu, chenye mifano ya Kinole, Matombo na Mgeta, hakihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Kinahitaji fundi mmoja, mwalimu mmoja, mchapaji mmoja na mtu mwenye mamlaka ya kusema kianze. Kuna jambo la haraka kuliko kijitabu: negativu za studio za zamani. Studio ikifungwa, masanduku yake huonekana kuwa takataka, na mwenye chumba akitaka kupangisha, huchomwa. Ofisa utamaduni wa wilaya anaweza kuzuia hilo kwa barua moja na rafu moja kavu. Ndani ya masanduku hayo zimo nyuso za mji huu, zilizopigwa na watu wa mji huu. Ndizo picha pekee za zamani tulizonazo ambamo kamera ilisimama upande wetu.

Mwanafunzi wangu amerudi kutoka likizo. Alinionyesha picha kumi na moja. Tisa ni nyeusi mno au zimetikisika. Katika moja kati ya mbili zilizobaki, bibi amekaa kando ya dirisha, mkono mmoja juu ya ungo, na ukungu unaonekana nje. Nyuma ya nakala aliyoichapa ameandika jina la bibi, la mama yake bibi, na la ukoo. Nimemwomba azilete zile tisa kwenye kikundi Jumamosi, tuanze nazo.